Vyuma vya Zamani Ndani ya Kuta

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipitia Shinyanga. Machimbo ya dhahabu ya Geita yalifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi yalipofungwa mwaka 1966, na almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Nyumba na maghala ya zama hizo yanapofanyiwa matengenezo, fundi hukuta ndani ya kuta vyuma ambavyo mwenye nyumba hakujua kuwa vipo: kulabu, boliti, mikono ya rafu na vibano vya mabomba. Katika nchi za baridi, kama vile Lushoto na Njombe, vyuma vya namna hiyo huonekana pia pale ukingo wa meko ya kuotea moto unapoondolewa ukutani. Sura hutofautiana, lakini kanuni za kuvishughulikia ni zile zile.

Jinsi vilivyofungwa

Njia za zamani za kukifunga kitu ukutani zilikuwa hasa tatu. Ya kwanza ni sikio la chuma lililoingizwa kati ya matofali wakati ukuta ulipokuwa ukijengwa, au lililopigiliwa baadaye na kufunikwa kwa lipu. Ya pili ni parafujo iliyokazwa katika kipande cha mti kilichoshindiliwa kwenye tundu. Ya tatu ni boliti inayopenya ukuta wote na kukazwa kwa nati upande wa pili.

Kila njia ina udhaifu wake. Katika nyanda za Shinyanga mchwa hula kile kipande cha mti na kuacha ganda tupu. Parafujo huonekana imara kwa macho, kumbe haishiki kitu. Rafu nzito au tangi la maji likitundikwa hapo, litaanguka. Kwa hiyo haifai kutumia tena mshikizo wa zamani kwa mzigo mpya kabla ya kuupima.

Kwa nini kutu hupasua ukuta

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji pamoja na oksijeni ya hewani. Saruji mpya huwa na ualikali mwingi, nao hukilinda chuma. Miaka inavyopita, hewa ya kaboni huingia taratibu katika saruji na kuupunguza ualikali huo. Ukuta uliojengwa kwa udongo hauna kinga hiyo tangu mwanzo.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa: mara 2 hadi 6, kutegemea aina ya kutu yenyewe. Tuchukue mfano wa mara 3. Unene wa milimita 1 ya chuma ukiliwa, hutoa milimita 3 za kutu. Milimita 2 zilizozidi hazina pa kwenda ila kuisukuma lipu na matofali. Ndiyo maana kipande kidogo cha chuma huweza kuupasua ukuta mnene.

Hata hivyo, si kila ufa umeletwa na kutu. Udongo mweusi wa mbuga hutanuka unaponywa maji ya masika na hunywea wakati wa kiangazi, na nyumba iliyo juu yake hucheza pamoja nao. Ufa wa udongo mara nyingi huanzia pembe za milango na madirisha, ukaenda mshazari, na upana wake hubadilika kwa majira. Ufa wa kutu huanzia kwenye chuma chenyewe, hufuata urefu wake, huacha doa la rangi ya kahawia, wala haujifungi. Mwenye shaka aweke alama za penseli kwenye ncha za ufa, aandike tarehe, kisha aangalie mvua zitakapokuja.

Namna ya kung'oa

Kazi ya kwanza si kuvuta, bali ni kujua chuma kinashikilia nini. Umeme ukatwe kwanza. Kitu kizito kiwekewe mhimili. Lipu ikwanguliwe polepole kandokando hadi masikio yaonekane. Sumaku husaidia kutambua chuma kilichofichika.

Nati iliyokwama isafishwe kwa brashi ya waya, ipakwe mafuta mepesi, na iachwe usiku kucha. Asubuhi ikazwe kidogo kwanza ili kutu ivunjike, ndipo ilegezwe. Isipokubali, ikatwe kwa msumeno wa chuma. Moto usitumike mahali palipotiwa mafuta ya taa. Kuzungusha mtaimbo kwa nguvu ni kosa kubwa, kwani matofali yaliyounganishwa kwa udongo hung'oka pamoja na chuma.

Kipande kinachobaki ndani kiamuliwe hivi: ukuta ukiwa mkavu na hauna ufa, kikatwe sentimita 2 au 3 ndani ya uso wa ukuta, kisafishwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Ukuta ukiwa umeanza kupasuka, au maji yakiwa yanapita hapo, chuma kitolewe chote kwa tindo ndogo, na mahali panapovuja pazibwe. Bila hivyo ufa utarudi.

Tundu lisafishwe vumbi na kuloweshwa kabla ya kuzibwa. Ukuta wa udongo au wa chokaa ufae kuzibwa kwa chokaa na mchanga, sehemu 1 kwa 3. Saruji ngumu katika ukuta laini huzuia unyevu usitoke, na baadaye hubanduka ikiwa na vipande vya ukuta.

Tahadhari

Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, madini yanayodhuru ubongo wa watoto. Zisichomwe wala kukwanguliwa zikiwa kavu. Bao la kijivu lililo nyuma ya meko au bomba la moshi huenda likawa la asbesto, ambayo vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu na saratani. Bao hilo lisikatwe wala kuvunjwa. Kazi isimame mpaka aitwe mtaalamu.

Mshikizo mmoja uliochunguzwa kwa saa moja huweza kuokoa ukuta mzima. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.