Ukishabonyeza, Huwezi Kurudisha: Gemu Nne za Upanga na Jibu Nililokosea



Leo nalipa deni. Mwezi uliopita kwenye kikao chetu cha vijana parokiani, mdogo wetu mmoja aliyemaliza kidato cha sita alinyoosha mkono akauliza: "Kaka, hivi gemu za kupigana kwa upanga zote ni sawa? Mimi kuna moja nacheza naona inanifundisha kutulia, ila nyumbani wanasema inanifundisha ukorofi." Mimi nilikuwa naangalia saa, bado michango ya hija haijajadiliwa. Nikamjibu: "Gemu ni gemu tu mdogo wangu, zote ni kupiga na kuua. Tafuta kitu cha maana." Watu wakacheka. Yeye akakaa chini. Jumapili mbili zilizofuata sikumwona, si kanisani wala kwenye kikao.

Nikaenda kwao. Nilimwamkia mama yake, akanikaribisha vizuri, akaniambia yuko chumbani na gemu lake, labda mimi atanisikiliza. Nikaingia na hotuba yangu tayari kichwani. Kijana hakubishana. Alinipa pedi ya gemu mkononi akasema, "Kaka, cheza kwanza, halafu ndiyo uniambie." Nikacheza mpaka umeme ulipokatika jioni. Na sikuwa nimeshinda hata kidogo.

Basi haya ndiyo niliyopaswa kumjibu siku ile.

Ukisikia watu wanalinganisha gemu za kupigana, wengi wanahesabu: silaha ngapi, damu kiasi gani, picha kali kiasi gani. Hayo yote ni ya juu juu. Swali lenyewe ni hili: ukishabonyeza kitufe cha kupiga, gemu inakuruhusu kubadili mawazo? Kila pigo, hata la ngumi ya kawaida, lina sehemu tatu: kuvuta mkono, pigo lenyewe, na kuurudisha mkono. Anayetengeneza gemu ndiye anaamua ni katika sehemu ipi unaweza kukatisha na kufanya kitu kingine, kwa mfano kukinga au kukwepa. Ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini hapo ndipo tabia yote ya gemu inapotoka.

Nianze na ile niliyokulia nayo, God of War ya kwanza, ya mwaka 2005, kwenye PlayStation 2. Kibanda cha gemu mtaani kwetu kilikuwa na televisheni mbili na foleni ndefu, na sisi tuliokosa hela tulisimama nyuma tukiwaelekeza wanaocheza. Kila mtoto alijua wimbo mmoja: mraba, mraba, pembetatu. Ukibonyeza hivyo, Kratos anazungusha zile panga zake za minyororo mara mbili halafu anazipigiza chini zinalipuka moto, na kila aliye karibu anaruka. Kamera iko mbali na huiongozi wewe, kwa hiyo unaona uwanja mzima. Minyororo ni mirefu, haihitaji ulenge mtu. Ukijikuta umekosea, mara nyingi unaweza kukatisha pigo kwa kukinga au kubingirika. Adui mkubwa akichoka, alama ya kitufe inatokea juu ya kichwa chake, unafuata vitufe unavyoonyeshwa na yeye anamalizwa.

Mfumo huu ni wa ukarimu kwa mchezaji. Unakufanya ujione mkubwa, na haukulazimishi sana kumwangalia aliye mbele yako. Nisiwe mwongo: ukiweka kiwango kigumu kabisa, wimbo wa mraba-mraba-pembetatu haukufikishi mbali. Lakini kibandani nani aliweka kigumu, na muda wa kulipia unakwisha?

Kitu ambacho sikukiona utotoni ni kwamba hadithi ya gemu ile inapingana na mikono yako. Kratos ni mtu aliyeua mke na mtoto wake mwenyewe katikati ya hasira ya vita, na hadithi nzima anateswa na jambo hilo. Hadithi inasema hasira imemharibu huyu mtu. Vidole vyako vinasema endelea, ni raha. Nadhani hata watengenezaji waliliona, maana ile ya mwaka 2018 waliyoirudia upya imesogeza kamera mpaka nyuma ya bega lake, wakampa shoka moja ambalo akilirusha lazima aliite lirudi, na pembeni yake wakamweka mtoto wa kiume anayemtazama baba yake akipigana. Ni mtu yule yule, lakini sasa unapiga ukijua kuna jicho la mtoto hapo.

Ya pili nitaipita haraka kidogo, si kwa sababu ni mbaya. Devil May Cry ilitoka mwaka 2001 kutoka Capcom, kiongozi wake akiwa Hideki Kamiya. Ilianza kama jaribio la Resident Evil 4, ikabadilika sana mpaka wakaamua iwe gemu yake yenyewe. Hata ule mtindo wake wa kumrusha adui hewani na kumpiga asishuke ulitokana na kosa la kiufundi lililoonekana kwenye gemu nyingine ya Capcom, Onimusha. Mtu aliona kosa akasema hapa kuna kitu.

Hapa gemu haikuulizi kama umeshinda, inakuuliza umeshindaje. Inakupa herufi, kuanzia D mpaka S, na ukirudia pigo lile lile herufi haipandi. Unalazimika kubuni. Wachezaji hodari wanakatisha pigo moja ili kuanza lingine, wanaruka juu ya adui aliye hewani na kuanza upya, mpaka unajiuliza kama ni watu au mashine. Ni kazi nzuri kuitazama. Tatizo langu ni kwamba adui amekuwa ngoma tu. Yupo ili upige mdundo wako. Wengi wao wanakusubiri kwa adabu umalize onyesho.

Sasa Dark Souls, ya mwaka 2011, kutoka FromSoftware, chini ya Hidetaka Miyazaki. Hapa ule ukarimu umekwisha. Ukishabonyeza, upanga unaenda, na utangoja mpaka urudi. Kila pigo linakula pumzi zako, zinazoonekana kama mstari wa kijani, na kukinga kwa ngao nako kunakula pumzi hizo hizo. Ukitaka kunywa dawa, unasimama unainua chupa, na adui anakuona. Ukifa, roho ulizokusanya zinabaki chini pale ulipoangukia, na una safari moja tu ya kuzifuata. Ukifa tena njiani, zimepotea. Kuna mioto ya kupumzikia, lakini ukipumzika, karibu maadui wote uliowaua wanarudi. (Na msiniambie ule moto ni mfano wa kitubio. Yupo aliyewahi kujaribu kunieleza hivyo, nikamwambia padre akimaliza kukuondolea dhambi hakurudishii zile za zamani.)

Kinachoua watu kwenye Dark Souls ni pigo la tatu, na kila aliyeicheza analijua. Unampiga adui mara mbili, salama. Unaona amebakiza kidogo. Pumzi zako zimebaki chache, akili inakwambia rudi nyuma, kidole kinasema moja tu, namaliza. Unabonyeza. Upanga unaanza safari yake ya polepole, na wewe ukiwa bado umeukodolea macho unaona mkono wa adui nao unashuka, na hakuna kitufe duniani cha kukuokoa. Hakuna aliyekudanganya. Ulijua kabla hujabonyeza.

Ndiyo maana watu wanaisifia kwamba inafundisha subira, na ni kweli kwa sehemu. Ila mimi nina neno. Unaweza kuimaliza gemu ile kubwa yote kwa woga. Unajificha nyuma ya ngao, unazunguka mgongoni mwa adui, unamdonoa, unakimbia. Tahadhari na uoga vinafanana sana kwa nje.

Na hapo ndipo nikaielewa gemu ya yule kijana. Ni Sekiro, ya mwaka 2019, ya watengenezaji wale wale na Miyazaki yule yule. Wameondoa ule mstari wa pumzi. Wameondoa pia rundo la silaha za kuchagua. Una upanga mmoja mwanzo mpaka mwisho, na mkono wa bandia wenye vifaa vichache. Adui ana mistari miwili: uhai wake, na uimara wa kusimama kwake. Ule wa pili ukijaa anayumba, na unammaliza kwa pigo moja, ingawa wakubwa huwa wanahitaji zaidi ya mara moja. Sasa sikiliza ujanja wake: ukimkimbia, na yeye anapumzika, uimara wake unarudi. Njia ya Dark Souls ya kudonoa na kukimbia hapa inakuchelewesha tu. Inabidi usimame karibu, pale pigo linapofika, na ulipangue kama kipa anavyopangua shuti, kwenye sekunde yenyewe. Ukipatia, chuma kinalia, cheche zinaruka, na ni yeye anayeyumba, si wewe.

Kuna mapigo ya hatari ambayo yanatanguliwa na alama nyekundu, na hapo kukinga kwa kawaida hakutoshi. Akikuchoma kwa ncha, unajifunza kumwendea, unaukanyaga upanga wake. Akikufagia miguu, unaruka. Akija kukukamata, unaondoka. Alama ni ile ile moja, majibu ni matatu tofauti. Lazima umtazame yeye.

Mimi nilicheza Sekiro kwa mikono ya kibandani. Nilipofika kwa Genichiro, yule mwenye upinde juu ya ngome ya Ashina (kijana alikuwa amefika hapo, akaniachia), nilibonyeza kitufe cha kukinga mfululizo kama mtu anayegonga mlango usiku. Nilihesabu nimekufa mara 20, nikaacha kuhesabu. Mdogo wangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema taratibu: "Kaka, unajibu kabla hajaja. Ukibonyeza-bonyeza hivyo, gemu inakupunguzia muda wa kupangua. Msubiri. Msikilize."

Ni kweli, ndivyo ilivyotengenezwa. Ukigonga kitufe ovyo, ile nafasi ndogo ya kupatia inazidi kuwa ndogo. Mimi sikuwa nafikiria gemu tena. Nilikuwa nafikiria kikao kile, saa yangu, na watu walivyocheka.

Kuna jambo jingine la Sekiro alilonionyesha. Ukifa mara nyingi, watu wema uliokutana nao njiani wanaanza kukohoa. Wanaugua kwa sababu wewe unaendelea kufa na kufufuka. Kuna dawa yake na hawafi kwa ugonjwa huo, lakini kikohozi chao unakisikia. Sijaona gemu nyingine ikimwonyesha mchezaji namna hiyo kwamba makosa yake hayaishii kwake.

Kama una gemu mbili kati ya hizi, fanya jaribio. Cheza kila moja dakika 10, na mwenzako akae pembeni ahesabu mara ngapi umebonyeza kitufe cha kupiga. Halafu badilishaneni. Usiangalie nani kashinda, angalia ile hesabu, na angalia bega lako limekaza au limelegea ukimaliza.

Nisieleweke vibaya. Zote nne kule Marekani zina alama ya M, yaani miaka 17 na kuendelea, na ile God of War ya zamani ina damu na mambo ya aibu ambayo sisi watoto wa kibandani hatukupaswa kuyaona. Kwenye Sekiro pia unaua watu. Ukiwa na mdogo wako wa darasa la nne, usimwekee na kumwambia kaka wa parokia kasema. Na kama gemu limekula masomo yako na usingizi wako, hiyo ni mada nyingine na tumeshaizungumza humu.

Lakini swali la kijana lilikuwa: zote ni sawa? Hapana, hazifanani hata kidogo. Yeye alikuwa ameliona hilo kwa vidole vyake, mimi nikamjibu kwa mdomo.

Nilipotoka chumbani nilikaa sebuleni na mama yake. Nilimweleza kwamba kosa la kijana kutoonekana kwenye kikao lilikuwa langu. Akanitazama akaniuliza, "Kwa hiyo hilo gemu ni zuri?" Nikamwambia, "Mama, aje akuonyeshe mwenyewe, umuulize kwa nini anasubiri." Sijui kama wamefanya hivyo.

Jumapili hii nitasema haya mbele ya wale wale waliocheka, na yeye amekubali kuja. Genichiro bado hajanipisha. Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya narudi kwao tena, kama umeme utakuwepo.