Nyumba na Mgunga

Mkisikia habari ya nyumba inayopatana na msitu, msifikirie Mlima Kenya tu. Msitu wetu hapa Isiolo ni pori la migunga, na kando ya Ewaso Ng'iro kuna mikoma. Pori hili lina nyumba zake, na mimi nadai kwamba wachoraji wake wa kwanza ni mama zetu.

Chukua aqal ya Wasomali. Wanawake hupinda fito, wakazifunga kwa kamba na kuzifunika kwa mikeka waliyoisuka wenyewe. Nyumba ni ya mviringo, kwa hivyo upepo huizunguka badala ya kuisukuma. Wakihama, inafunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia. Nyumba ya asili ya Waborana nayo hujengwa na wanawake. Ukiwa mbali huioni upesi, maana rangi yake ni ile ile ya pori.

Sasa tutazame sisi wa mjini. Mtu akipata ploti, kitu cha kwanza ni panga. Anafyeka migunga yote, anapiga mabati, halafu saa nane mchana anatoka kutafuta kivuli kwa jirani! Na mgunga haukui kwa muhula mmoja.

Sisemi turudi kwenye mikeka. Mchwa nawajua, na mvua ya Novemba pia. Lakini akili ya wale mama tunaweza kuiiga. Isiolo iko karibu sana na Ikweta, kwa hivyo jua hupiga kuta za mashariki asubuhi na za magharibi jioni. Basi kuta ndefu, zenye madirisha, zitazame kaskazini na kusini. Zile fupi ndizo zichomwe. Chini ya mabati tia silingi, na uache matundu joto lipate pa kutokea. Ukiwa na mgunga upande wa magharibi, huo ni mwavuli wa bure, uache usimame. Ila msingi usichimbwe karibu na shina, mizizi itakatwa.

Kule Marekani, Frank Lloyd Wright alichora mwaka 1935 nyumba iitwayo Fallingwater, juu ya maporomoko ya maji ndani ya msitu. Siku hizi watu hulipa kiingilio kuiona. Aliyechora aqal ya kwanza hata jina lake hatulijui.

Baba anajenga mwaka huu, na kwa ploti yetu kuna migunga miwili. Fundi anataka yote iondoke ili kazi iwe rahisi. Mimi nimechora ramani kwenye karatasi ya grafu, nyumba imesogea hatua nne tu. Baba ameitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza choo kitakuwa wapi.