SOMO LA UFUNDI: KUBADILI BERINGI ZA MASHINE YA KUMENYA KAHAWA



Kahawa mbivu ikichumwa asubuhi inatakiwa imenywe siku hiyo hiyo, la sivyo inachacha. Mashine ikisimama katikati ya mavuno, mkulima wa Buhinyuza aliyeshuka na mzigo wake kichwani anapata hasara, na kibarua wa siku naye anarudi nyumbani mikono mitupu. Kinachoisimamisha huweza kuwa kitu kidogo tu: beringi, ambayo mafundi wa kwetu huiita rulema.

Beringi hutoa taarifa mapema. Huanza kunguruma, kisha hupata moto. Shafti ikianza kucheza, diski nayo inayumba: upande mmoja punje zinapasuka, upande wa pili zinapita na maganda yake. Ukiona hivyo usikimbilie kukaza diski. Zima mashine, toa mkanda, halafu tikisa shafti juu na chini. Ikicheza, au ukiizungusha polepole ukasikia kama ina mchanga ndani, beringi imekwisha.

Kabla ya kufungua nati yoyote, hakikisha injini haiwezi kuwashwa. Kama ni ya umeme, swichi kuu ifungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao anayetengeneza, si msimamizi.

Beringi hainunuliwi kwa kukisia. Namba yake imeandikwa ubavuni. Tuseme ni 6205. Chukua tarakimu mbili za mwisho, 05, uzidishe kwa 5: tundu lake ni milimita 25. Kwa nje ni milimita 52, unene 15. (Hesabu hii inaanzia 04, 6203 ina tundu la milimita 17.) Herufi ZZ maana yake ina bati pande zote mbili, na 2RS ina mpira pande zote mbili. Mahali penye maji kutwa kucha kama kwenye vituo vyetu, sisi tunachagua ya mpira. Hiyo imekwisha kutiwa grisi kiwandani.

Wengi huiua beringi mpya siku ile ile ya kuifunga, kwa nyundo. Ikiwa inaingia kwa kubana kwenye shafti, tafuta kipande cha bomba kinachokaa juu ya duara la ndani tu, ugonge hapo taratibu. Ukigonga duara la nje, nguvu yote inapita kwenye gololi na zinatoboa njia yake. Ikiwa inabana kwenye nyumba yake, ni kinyume: sukuma duara la nje. Safisha shafti kwanza, paka mafuta kidogo, na ubadili beringi za ncha zote mbili pamoja.

Sasa suala la fedha. Wapo wasimamizi wanaomkata mwendeshaji mshahara beringi ikivunjika. Beringi huchakaa kama soli ya kiatu. Tena iliyochakaa ni hatari, na Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kwa hiyo mwendeshaji aandike daftarini siku aliyosikia mngurumo, saa, na aliyempa taarifa. Nakala ya ukurasa huo ampe mjumbe wa chama siku hiyo hiyo, kabla mashine haijasimama.