Kioo cha Kompyuta Kinapokuwa Cheusi

Fikiri kwamba uko nyumbani, kijijini Mlingotini, karibu na mji wa Bagamoyo. Ni mchana wa mwezi wa Februari na joto ni kali. Mama anaandika katika kompyuta hesabu za kikundi cha wakulima wa mwani: kilo zilizouzwa na fedha za kila mwanachama. Ghafula kioo kinakuwa cheusi. Maandishi yote yametoweka. Kaka anataka kuipiga kompyuta kwa kiganja. Je, wewe ungefanya nini?

Kompyuta haiponi kwa kupigwa. Fundi mzuri hutazama, husikiliza, kisha hujiuliza swali moja moja. Katika somo hili utajifunza kufanya hivyo.

Sehemu za kompyuta

Kompyuta ya mezani ina sehemu mbili kubwa. Sanduku ndilo linalofanya hesabu na kuhifadhi kazi. Kioo huonyesha tu picha inayoletwa na waya kutoka kwenye sanduku. Kwa hiyo kioo kikiwa cheusi, si lazima kompyuta nzima iwe imeharibika.

Uchunguzi

1. Je, taa za nyumba zinawaka? Kama zimezimika zote, huenda umeme umekatika.

2. Bonyeza kitufe kimoja, kisha ungoje kidogo. Kompyuta isipoguswa kwa muda huweza kuzima kioo ili kuokoa umeme. Picha ikirudi, hakuna ubaya.

3. Tazama taa ndogo iliyo ukingoni mwa kioo. Kama haiwaki, huenda kioo hakipati umeme. Kama inawaka, kioo kinapata umeme lakini huenda hakipati picha. Huenda waya wa picha umelegea, au sanduku limezimika.

4. Sikiliza sanduku. Je, pangaboi dogo lililo ndani linavuma? Kama limenyamaza, na sanduku ni la moto, huenda kompyuta imejizima yenyewe ili isiunguzwe na joto.

5. Kama pangaboi linavuma, mulika kioo kwa tochi kutoka upande. Ukiona maandishi hafifu, picha ipo. Taa iliyo nyuma ya kioo ndiyo iliyozimika. Hiyo ni kazi ya fundi.

Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukibadili mawili, hutajua ni lipi lililoondoa kasoro.

Hewa ya pwani

Upepo wa bahari huchukua chembe za maji ya chumvi. Ndiyo sababu mabati na misumari ya pwani hushika kutu upesi. Ncha za waya za kompyuta nazo huweza kuharibika hivyo, na kutu huzuia umeme kupita vizuri. Vumbi nalo huziba matundu ya sanduku. Kitambaa kilichotandikwa juu yake huzuia hewa ya moto isitoke.

Jaribio

Vifaa: betri ya tochi, balbu ndogo ya tochi, vipande viwili vya waya na kipande cha karatasi.

(a) Unganisha betri na balbu kwa waya mpaka balbu iwake.
(b) Legeza ncha moja ya waya, uitikise. Unaona nini?
(c) Weka karatasi kati ya ncha hiyo na betri. Unaona nini?

Balbu haikuharibika, wala betri haikuisha. Njia ya umeme ndiyo iliyokatika. Kutu nyingi kwenye ncha ya waya huweza kufanya kazi kama karatasi hiyo.

Hatari

Betri ya tochi ina volti 1.5 tu. Umeme wa nyumbani una volti 230, nao huua. Usifungue kamwe sanduku wala kioo. Vioo vya zamani vyenye mgongo mrefu huweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa. Kabla ya kukaza waya, mwombe mtu mzima azime swichi na kuchomoa plagi. Ukisikia harufu ya kuungua, usiguse kitu. Mwite mtu mzima mara moja.

Sasa turudi Mlingotini. Taa za nyumba zinawaka, na taa ya kioo pia. Lakini pangaboi limenyamaza, sanduku ni la moto, na juu yake kuna kitambaa kilichofunika matundu. Mama anazima swichi, anachomoa plagi, anaondoa kitambaa na kupangusa vumbi. Sanduku linapopoa, anaiwasha kompyuta, na picha inarudi. Hesabu alizokuwa amehifadhi zipo. Mistari ya mwisho imepotea, lakini aliiandika pia katika daftari.

Kumbuka: hifadhi kazi yako mara kwa mara, na uyaache wazi matundu ya kompyuta.

Maswali

1. Kwa nini kioo cheusi si dalili ya hakika kwamba kompyuta nzima imeharibika?
2. Eleza jinsi kitambaa kilivyoizima kompyuta ya mama.
3. Taa ya kioo inawaka na pangaboi linavuma, lakini hakuna picha. Utachunguza nini, na utamwita nani kwanza?
4. Tafuta vitu vitatu vilivyoshika kutu karibu na shule yako. Andika mahali ulipovikuta.