Gari Lililogongwa na Bima Isiyotosha

SWALI: Gari langu liligongwa karibu na kivuko cha Ilagala. Nina bima kubwa, lakini kampuni yataka kulipa nusu tu ya gharama za fundi. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, madhali uliripoti polisi na kuiarifu kampuni kabla fundi hajagusa hata bati moja, hoja yako ina nguvu; waombe kwa maandishi ripoti ya mkaguzi wao, uilinganishe na makadirio ya gereji ya Kigoma, ila kiasi ulichokubali mkatabani kukibeba mwenyewe ni halali yao kukikata. Usitie sahihi hati ya kuridhia malipo (wengi hutia kwa uchovu tu) kabla hujaridhika. Wakishikilia inadi, peleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.