KUAGIZA MBEGU ZA BUSTANI KABLA YA VULI

Twapenda kuwakumbusha wenzetu wa Ngujini, huko Upare ya Kaskazini, jambo ambalo laonekana dogo, kumbe ndilo chakula cha nyumba: kuagiza mbegu za bustani mapema.

Vuli huja mnamo Oktoba na Novemba. Wengi hungoja mpaka wingu litande ndipo wakimbilie dukani. Na aliyechelewa hachagui, huchukua kilichobaki. Tena miche ya kabichi na nyanya hukaa kitaluni wiki 4 hata 6, na ya vitunguu huzidi hapo. Basi atakaye kuihamisha mvua zinapoanza, sharti awe na mbegu mkononi mwezi wa Agosti, na maji ya ndiva yamsaidie kuikuza.

Kwanza, tusinunue tulicho nacho. Maharage hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mbegu zake hufuata mzazi wao. Tuchague mimea yenye afya, tuzikaushe vema na kuzihifadhi mahali pakavu. Mchicha na mnavu pia hutoa mbegu nyingi bustanini. Lakini kabichi huhitaji baridi kali ya muda mrefu ili itoe maua, hivyo mbegu zake hatuna budi kuzinunua. Za vitunguu huzeeka upesi. Zilizokaa zaidi ya mwaka tusizitegemee.

Pili, tuhesabu kabla ya kulipa. Tuta la mita 10, lenye mistari miwili na nafasi ya nusu mita kati ya mche na mche, lachukua kabichi 40 tu. Nayo gramu 1 ya mbegu za kabichi ina mbegu zipatazo 250 na zaidi. Basi pakiti ya gramu 5 yatosha nyumba 10, na ziada juu yake. Kwa nini kila mtu anunue yake, nyingine ziharibike kabatini? Kama watu wakutanavyo kwa msaragambo kuzibua ndiva, na waagize mbegu pamoja na kutunza kitalu kimoja.

Tatu, tuthibitishe. Tusinunue mbegu za kupimiwa kutoka gunia lililo wazi. Tutazame tarehe na lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI), iliyowekwa kwa Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003. Kisha tuzijaribu: mbegu 20 zifungwe katika kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku 7 zihesabiwe zilizochipua. Zikifika 16, ni njema. Zikipungua 10, tutafute nyingine wakati ungalipo.

Walimu wangefanya vema kulifanya jaribio hili darasani, ili watoto wapeleke habari nyumbani. Mbegu mbovu zikigunduliwa Agosti, hasara ni ya pesa kidogo. Zikigunduliwa Novemba, msimu umekwisha kupotea. Ngoja ngoja huumiza matumbo.