Nani Aingie Mtandaoni? Somo la Namba Tambulishi ya Simu

Mtandao wa simu ni njia iliyo wazi: kiwanda chochote duniani kikifuata kanuni zilizokubaliwa, simu yake yaweza kuwasiliana na mnara ulioko Kondoa. Uwazi huo una manufaa makubwa, lakini huzua swali linalofaa kuulizwa darasani: mlinzi wa mlango atajuaje kipi akiruhusu?

Mwalimu aanze na mnada wa ng'ombe. Kila mfugaji aweza kuja, lakini chapa ya mnyama hutazamwa. Chapa ya simu ni namba tambulishi yenye tarakimu 15, nayo huonekana kwa kubonyeza *#06#. Tarakimu 8 za kwanza hutaja aina ya simu, 6 zifuatazo hutofautisha simu moja na nyingine, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Isichanganywe na laini: laini humtambulisha mteja, namba hii hutambulisha chombo.

Tarakimu ya ukaguzi ndiyo kiini cha somo, maana ni hesabu tupu. Andika ubaoni 2517. Zidisha kwa 2 tarakimu ya pili na ya nne. Utapata 10 na 14. Jumlisha tarakimu mojamoja: 2+1+0+1+1+4=9. Ili kufikia 10 yahitajika 1, basi namba kamili ni 25171. Sasa mwanafunzi mmoja aandike kwa makosa 25711. Jumla itakuwa 13, isiyogawanyika kwa 10, kosa limefichuka.

Kukomea hapo ni hasara. Mtoto mwerevu atauliza: "Mwalimu, mlaghai naye hawezi kupiga hesabu hii?" Aweza. Hesabu hukamata kosa, haikamati hila. Kwa hiyo hapana budi kuwe na daftari la namba halali. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitumia daftari la namna hiyo ilipozima simu bandia tarehe 16 Juni 2016. Hata hivyo, simu bandia iliyonakili namba halali huweza kupita, mpaka namba hiyo ionekane katika vyombo viwili.

Kwa zoezi, wanafunzi wawili wawe walinzi wenye daftari, wengine wabebe kadi za namba. Kadi mbili ziwe na namba moja. Walinzi waamue nani aingie. Mwalimu asitoe jibu upesi; awakumbushe tu kwamba mwenye simu bandia huenda aliinunua kwa nia njema, na kwa fedha ya mavuno, kisha awaache wajadiliane.